Bustani ya Vyombo kwa Mkazi wa Mjini Asafiriye Mara kwa Mara

Utangulizi

Katika miji midogo ya wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, wanaishi watu wengi ambao kazi zao haziwaruhusu kukaa nyumbani mfululizo. Wamo walimu wanaorudi makwao wakati wa likizo, wauguzi wanaohudhuria mafunzo Bukoba au Mwanza, na maofisa ugani wanaolala vijijini. Wamo pia madereva na wafanyabiashara wa barabara kuu ipitayo Nyakanazi, Lusahunga na Benaco hadi mpaka wa Rusumo. Wengi wao hupanga chumba kimoja au viwili, wala hawana shamba karibu. Uwanja walio nao ni baraza na kipande cha ua kinachotumiwa na wapangaji wote.

Watu hawa huhitaji mboga za majani kama watu wengine. Majani ya kijani iliyokolea, kama vile mchicha, mnafu, sukuma wiki na matembele, huupatia mwili madini ya chuma, foleti na viini ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Mtoto akosaye vitamini hiyo hudhoofika katika kupambana na maradhi, na upungufu ukizidi macho yake hudhurika. Nyumba yenye ndoo nne au tano za mboga mlangoni haitegemei soko peke yake katika jambo hili.

Aghalabu, hata hivyo, bustani za namna hii hazidumu. Mwenye nyumba husafiri kwa majuma mawili, na arudipo hukuta mabua makavu. Baada ya hasara mbili tatu huacha kupanda kabisa. Makala haya yanaeleza chanzo cha hasara hiyo kwa kutumia fizikia, biolojia na jiografia zinazofundishwa katika shule za sekondari, kisha yanaonyesha njia ya kuizuia kwa vifaa vinavyopatikana katika duka lolote la mjini.

Hali ya hewa na majira ya safari

Ngara na Biharamulo zipo takriban nyuzi mbili na nusu kusini ya Ikweta, katika nyanda za juu zinazozidi mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Vilima vya Ngara hufikia mita 1,700 na zaidi. Mvua hunyesha kwa misimu miwili: vuli, kuanzia Septemba hadi Desemba, na masika, ambayo huishia mwezi Mei. Kati ya Juni na Agosti ni kiangazi. Anga huwa jeupe, upepo huvuma, na unyevu wa hewa hupungua.

Likizo ya katikati ya mwaka huangukia mwezi Juni, yaani mwanzoni mwa kiangazi hicho. Mwalimu huiacha bustani yake katika wakati ule ule ambapo mvua haitamsaidia. Kwa mkulima wa shambani hali hiyo si ya kutisha mno, maana mizizi ya mmea wake huweza kushuka chini kufuata unyevu uliobaki. Mmea wa ndoo hauna mahali pa kushuka. Maji yake yote ni yale yaliyomo ndani ya chombo, na hesabu yake haina budi kufanywa na mtu.

Somo kutoka kwa Stephen Hales

Mwaka 1724 Mwingereza Stephen Hales alichukua alizeti iliyoota ndani ya chungu, akaufunika mdomo wa chungu kwa bamba jembamba la risasi ili maji yasivukizwe kutoka katika udongo, kisha akaupima uzito wake asubuhi na jioni kwa siku kumi na tano. Uzito uliopotea ulikuwa ni maji yaliyotoka kupitia majani. Wastani wa saa kumi na mbili za mchana ulikuwa aunsi 20, yaani zaidi kidogo ya nusu lita. Matokeo hayo aliyatoa katika kitabu mwaka 1727.

Maji hayo hutoka kupitia stomata, ambazo ni vitundu vidogo mno vya jani. Mmea hauwezi kuvifunga daima, kwa sababu kupitia vitundu hivyo hivyo huingia hewa ya kaboni dayoksaidi inayohitajiwa katika usanisinuru. Kwa hiyo mmea unaotengeneza chakula hauna budi kupoteza maji. Kasi ya upotevu hutegemea mambo manne: ukubwa wa eneo la majani, mwanga na joto la jua, ukavu wa hewa, na nguvu ya upepo. Msafiri hawezi kuubadili ukavu wa hewa. Hayo matatu mengine yamo mikononi mwake.

Hesabu ya maji ya ndoo moja

Ichukuliwe ndoo ya kawaida ya plastiki ya lita 20, yenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 30. Eneo la mdomo huo ni karibu mita za mraba 0.07. Katika siku kavu za kiangazi, maji yanayopotea kwa mvukizo na kwa njia ya majani pamoja yaweza kukadiriwa kuwa kina cha milimita 5 kwa siku. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi ndoo ingepoteza:

0.07 × 5 = lita 0.35 kwa siku.

Hesabu hii ingekuwa sahihi kama majani yangeishia kwenye ukingo wa ndoo. Sukuma wiki iliyokomaa hutanua majani yake kupita ukingo. Majani yakifikia kipenyo cha sentimita 45, eneo lake ni karibu mita za mraba 0.16, na upotevu huwa:

0.16 × 5 = lita 0.8 kwa siku.

Hii ndiyo sababu mmea wa chombo hukauka upesi kuliko wenzake wa shambani. Majani yake hunywa kwa kipimo cha eneo kubwa, ilhali udongo wake ni wa eneo dogo.

Na maji yaliyomo ni kiasi gani? Ndoo hiyo ikijazwa lita 15 za udongo mzuri, takriban sehemu moja kwa tano ya ujazo huo ni maji ambayo mizizi yaweza kuyafikia, yaani lita 3. Nusu ya kwanza ya maji hayo huchukuliwa kwa urahisi. Nusu ya pili hung'ang'aniwa na chembe za udongo, na mmea huyapata kwa taabu. Hivyo lita zisizo na taabu ni 1.5 tu, ambazo kwa matumizi ya lita 0.8 kwa siku hazitimizi hata siku mbili. Katika siku ya nne lita zote 3 huwa zimekwisha. Safari ya majuma mawili haimo kabisa katika hesabu hii.

Kumwagilia maji mengi asubuhi ya safari hakusaidii. Udongo ukishajaa, maji ya ziada hutoka kwa tundu la chini, na kama tundu halipo hujaza nafasi za hewa na kuozesha mizizi. Linalohitajiwa ni akiba ya maji nje ya udongo, pamoja na njia ya kuyapeleka kwenye udongo polepole, kwa kadiri yanavyotumika.

Jinsi maji yanavyopanda

Kila mwanafunzi amepata kuona mafuta ya taa yakipanda kwenye utambi wa koroboi. Molekuli za kimiminika huvutana zenyewe kwa zenyewe, na wakati huo huo huvutwa na uzi wa pamba. Katika nafasi nyembamba mvuto wa uzi hushinda uzito wa kimiminika, nacho hupanda. Jambo hili huitwa ukapilari. Mwaka 1718 James Jurin alieleza kanuni yake: kadiri mrija ulivyo mwembamba, ndivyo kimiminika kinavyopanda juu zaidi. Kwa maji safi ndani ya mrija wa kioo safi, kanuni hiyo yaweza kuandikwa hivi:

kimo (milimita) = 15 ÷ nusukipenyo (milimita)

Mrija wenye nusukipenyo cha milimita 1 hupandisha maji milimita 15 tu. Ukiwa na nusukipenyo cha milimita 0.1, maji hupanda milimita 150, yaani sentimita 15. Nafasi zilizo kati ya nyuzi za kitambaa na kati ya chembe za udongo hufanya kazi kama mirija ya namna hiyo, ingawa hazinyooki wala hazilingani.

Mambo mawili hufuata. Kwanza, utambi usitarajiwe kupandisha maji ya kutosha kupita sentimita 15 hadi 20. Hata kama unyevu utafika juu zaidi, utakuwa kidogo mno. Pili, mchanga wa chembe kubwa hupandisha maji kimo kifupi, na mfinyanzi mtupu huyapandisha mbali lakini kwa kasi ndogo sana na bila kuacha nafasi ya hewa. Udongo ufaao ni wa kati.

Kanuni hiyo hiyo yafichua kosa moja la kawaida. Watu wengi hutandika kokoto chini ya udongo wakidhani kwamba maji yatashuka upesi. Maji yaliyoshikwa katika nafasi ndogo za udongo hayaingii kwa hiari katika nafasi kubwa za kokoto. Hubaki yamesimama juu ya tabaka hilo mpaka udongo wa hapo ulowe kabisa. Kokoto hizo zimepunguza kimo cha udongo, zimeisogeza sehemu yenye maji karibu zaidi na mizizi, na tena zimekata njia ambayo maji yangepandia. Katika bustani ya utambi kokoto hazitakiwi.

Kutengeneza ndoo yenye hazina ya maji

Vifaa ni ndoo mbili za lita 20 zinazolingana, kopo moja la bati lenye kimo cha sentimita 15, vipande vya kitambaa, na bomba fupi la plastiki au mwanzi uliotobolewa pingili.

1. Kopo litobolewe ubavuni na kusimamishwa ndani ya ndoo ya nje. Ndoo ya ndani itakaa juu yake, na nafasi ya sentimita 15 iliyo chini ndiyo hazina ya maji. Kwa ndoo ya kawaida, hazina hiyo huchukua karibu lita 7.

2. Ndoo ya nje itobolewe tundu moja ubavuni, sentimita 14 kutoka chini. Hili ni tundu la kufurikia. Maji yakifika hapo hutoka, na kitako cha ndoo ya ndani hubaki na nafasi ya hewa.

3. Kitako cha ndoo ya ndani kitobolewe matundu matatu ya kupitisha tambi, na jingine la kupitisha bomba la kujazia.

4. Tambi zikatwe kutoka katika kanga au shuka kuukuu la pamba, upana wa sentimita 5 kila moja, zifuliwe kwa sabuni ili ziondokewe na wanga na mafuta, kisha zisuuzwe vizuri. Nusu ya kila utambi hutandazwa ndani ya udongo, na nusu hufika chini ya hazina. Pamba huoza, kwa hiyo tambi hubadilishwa kila msimu wa kupanda.

5. Udongo ujazwe, umwagiliwe kwa juu mpaka ulowe, ndipo hazina ijazwe kwa kutumia bomba. Utambi mkavu uliogusana na udongo mkavu haupandishi maji. Kazi yote ya kapilari huanza kwa kulowana.

Baada ya kufanyika hayo, udongo ukipungukiwa hunyonya, na ukitosheka hupunguza kunyonya. Hakuna haja ya mtu kufungua wala kufunga kitu. Lakini asiyewahi kuijaribu ndoo yake asiitegemee kwa safari ndefu. Yafaa kwanza iachwe siku tano mwenyewe akiwapo, ili aone kama tambi zinatosha.

Chungu cha kuzika

Njia nyingine ni ya zamani zaidi. Maandishi ya kilimo ya Mchina Fan Shengzhi, ya karne ya kwanza kabla ya Kristo, yanaeleza jinsi vyungu vilivyojazwa maji vilivyozikwa shambani ili kunywesha mimea ya jamii ya tikiti.

Wanafunzi wanajua kwamba maji ya mtungi huwa baridi. Sababu ni kwamba kuta za mtungi zina vinyweleo. Maji kidogo hupenya hadi nje, huvukizwa, na katika kuvukizwa huchukua joto la maji yaliyobaki. Mtungi ule ule ukizikwa, maji hayakutani na hewa bali udongo. Udongo mkavu huyanyonya kwa nguvu. Udongo uliolowa huyaacha. Mizizi huuzunguka mtungi na kunywa.

Katika bustani ya vyombo, chungu kidogo cha lita 3 hadi 5 huzikwa katikati ya pipa lililokatwa nusu au beseni kubwa, mdomo wake ukibaki juu na kufunikwa. Kifaacho ni chungu cha udongo uliochomwa kisichopakwa rangi wala kung'arishwa kwa mafuta, kwa kuwa vitu hivyo huziba vinyweleo. Njia hii haina utambi wa kuoza, na huwapa wafinyanzi wa wilaya soko la kazi yao.

Njia ya chupa iliyopinduliwa yenye tundu dogo haiaminiki kwa safari ndefu. Jua likiipasha moto hewa iliyo ndani, hewa hutanuka na kuyasukuma maji nje, udongo uyahitaji au usiyahitaji.

Bustani ya gunia

Gunia lililojazwa udongo na kupandwa juu na ubavuni hutoa mboga nyingi katika nafasi ndogo. Bustani za namna hii zilienea katika mtaa wa Kibera, Nairobi, kuanzia mwaka 2008, zikisaidiwa na shirika la Kifaransa la Solidarités. Ubora wake huonekana katika jiometri. Gunia la kipenyo cha sentimita 45 na kimo cha sentimita 80 lina mdomo wa karibu mita za mraba 0.16, lakini uso wa ubavuni ni karibu mita za mraba 1.13, yaani mara saba.

Uso huo huo ndio udhaifu wake kwa msafiri. Gunia hupata jua na upepo pande zote, nalo hunywa kadiri lizaavyo. Linafaa nyumba ambayo daima hubaki mtu wa kumwagilia. Kwa anayeishi peke yake na kusafiri, ndoo ni salama zaidi.

Kupunguza matumizi: jua la Juni na kisu cha jikoni

Hazina ya lita 7, pamoja na lita 1.5 zilizomo katika udongo, ni lita 8.5. Kwa matumizi ya lita 0.8 kwa siku, maji hayo hutosha siku 10 tu. Wengi watafikiri kwamba dawa ni kutafuta hazina kubwa zaidi. Dawa iliyo rahisi ni kupunguza matumizi.

Kwa kuwa Ngara na Biharamulo zipo kusini ya Ikweta, na katika Juni jua huwa juu ya Tropiki ya Kansa, nyuzi 23½ kaskazini, jua la adhuhuri tarehe 21 Juni huwa limeinama kaskazini kwa nyuzi 26 kutoka utosini. Ukuta unaotazama kusini hutupa kivuli chenye urefu wa kimo chake mara tanjenti ya nyuzi 26, ambayo ni 0.49. Ukuta wa mita 3 hutoa kivuli cha karibu mita 1.5 saa sita mchana. Tena, katika majira hayo jua huchomoza kaskazini ya mashariki na kutua kaskazini ya magharibi, hivyo upande wa kusini wa nyumba haupati jua la moja kwa moja kutwa nzima. Mwezi Desemba mambo hugeuka, na kivuli huwa upande wa kaskazini.

Basi msafiri wa Juni aziweke ndoo zake kusini mwa nyumba, karibu na ukuta, zikiwa zimesongamana ili zikingiane upepo. Mimea itapata nuru ya anga bila kuchomwa na jua. Haitakua kwa kasi, lakini mwenyewe hayupo kuila. Ikikadiriwa kwamba kivuli hupunguza matumizi kwa nusu, yaani hadi lita 0.4 kwa siku, lita 8.5 zatosha siku 21.

Hatua ya pili ni kuvuna kabla ya kuondoka. Kila jani linalobaki ni mlango wa maji. Sukuma wiki ichumwe majani yote makubwa, yaachwe machanga ya kileleni. Mchicha uliokomaa ung'olewe wote. Matumizi yakipungua tena kwa nusu, huwa lita 0.2, na hesabu hutoa siku 42. Kwa kuwa majani mapya huchipua safari ikiendelea, ni busara kuhesabu siku 30. Hata hivyo likizo ya mwezi mzima imeingia ndani ya uwezo wa ndoo ile ile ambayo kwanza haikutimiza majuma mawili.

Hatua ya tatu wakulima wa migomba wa Kagera wanaijua tangu zamani, nayo ni matandazo. Nyasi kavu za unene wa sentimita 5 juu ya udongo huzuia mvukizo wa uso wa udongo.

Udongo na mimea

Mchanganyiko ufaao ni sehemu mbili za udongo wa juu wa shambani, sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri au mboji, na sehemu moja ya mchanga au pumba za mpunga zilizooza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Udongo usishindiliwe.

Kwa asafiriye mara kwa mara, mimea ya kudumu ni bora kuliko ya muda mfupi. Matembele, sukuma wiki, pilipili, nyanya chungu na mchaichai huvumilia kukatwa na kuchipua tena. Mchicha hukomaa katika majuma machache, kwa hiyo hupandwa kati ya safari na safari. Nyanya na kabichi hudai maji bila kukoma. Yafaa ziachiwe wakaao nyumbani.

Tahadhari tatu

Ya kwanza ni mbu. Maji yaliyosimama wazi kwa siku saba hadi kumi na nne hutosha kulea kizazi kizima cha mbu kutoka yai hadi kuruka. Mbu anayeambukiza malaria hupendelea madimbwi, lakini mbu wa jamii ya Aedes, anayeambukiza homa ya dengi, hupenda hasa vyombo vya nyumbani. Bustani inayoletea watoto mboga na kuwaletea homa haina faida. Tundu la kufurikia na mdomo wa bomba vizibwe kwa kipande cha chandarua, na mwanya uliopo kati ya ndoo mbili ufungwe kwa kitambaa. Chungu kifunikwe daima.

Ya pili ni chumvi. Maji yapandapo kutoka chini huja na chumvi zilizoyeyuka. Maji huvukizwa, chumvi hubaki. Ukoko mweupe ukionekana juu ya udongo, ndoo ya ndani itolewe na kumwagiliwa maji mengi kwa juu, au iachwe nje mvua za vuli ziioshe.

Ya tatu ni sumu. Makopo ya dawa za wadudu, ya rangi na ya mafuta ya mitambo, pamoja na masanduku ya betri za magari, yasitumiwe kamwe kupandia chakula, hata yakioshwa mara nyingi.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wachukue makopo manne yanayolingana. Katika matatu wapande miche ya sukuma wiki yenye ukubwa mmoja. La nne liwe na udongo mtupu. Yote yamwagiliwe mpaka yatone, kisha yaachwe usiku mmoja. Midomo ya makopo yenye miche ifunikwe kwa plastiki na kufungwa kwenye shina, kama Hales alivyofanya kwa bamba. Kopo la kwanza liwekwe juani. La pili kivulini. La tatu juani, mche wake ukiwa umechumwa nusu ya majani. La nne liwekwe juani bila kufunikwa.

Kila kopo lipimwe kwa mizani asubuhi na jioni kwa siku tano. Gramu moja iliyopotea ni mililita moja ya maji. Eneo la majani lipatikane kwa kuchora kila jani juu ya karatasi ya miraba na kuhesabu miraba. Darasa lichore grafu ya maji yaliyopotea dhidi ya siku kwa kila kopo, na kujadili: je, kivuli kilipunguza matumizi kwa nusu kama ilivyokadiriwa hapa? Kama sivyo, hesabu ya siku za safari irekebishwe kwa takwimu za darasa lenyewe, kwa kuwa vipimo vilivyochukuliwa shuleni vinaifaa bustani ya shule kuliko makadirio ya kitabuni.

Maswali ya mazoezi

1. Nafasi kati ya chembe za udongo fulani zina nusukipenyo cha milimita 0.03. Kwa kanuni ya Jurin, maji yangepanda kimo gani? Kwa nini katika udongo halisi utambi huchaguliwa uwe mfupi kuliko kimo hicho?

2. Muuguzi wa Biharamulo ana ndoo tatu, kila moja ikitumia lita 0.4 kwa siku kivulini. Anasafiri kwa siku 18. Hazina za ndoo zote pamoja zinahitaji lita ngapi, ikiwa kila udongo una lita 1.5 za kutumika?

3. Ukuta wa nyumba mjini Ngara una kimo cha mita 2.5. Tafuta urefu wa kivuli chake saa sita mchana tarehe 21 Juni, na ueleze kinaangukia upande gani.

4. Eleza kwa nini tabaka la kokoto chini ya ndoo haliongezi kasi ya kutoka kwa maji.

5. Mtungi uliopakwa rangi ya mafuta ulizikwa katika beseni la mboga, na mboga zikakauka ilhali mtungi umejaa. Toa sababu, na ueleze kama mtungi huo ungefaa kupoza maji ya kunywa.

Majibu ya hesabu: (1) milimita 500, (2) lita 17.1, (3) karibu mita 1.2, upande wa kusini.